Nasikiliza Kipindi Mapema Ili Mkwe Wangu Anione Nina Akili

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na unisamehe mwandiko, maana naandika nikiwa nimekaa kwenye kochi la mteja ambalo bado halijawekwa mgongo.

Mimi ni fundi wa makochi, nina miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wawili, na karakana ninayofanyia kazi ni ya baba mkwe wangu, ambaye miaka miwili ya mwanzo tulikaa naye chumba kimoja, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye mbao na sponji, na maneno yetu ya kutwa nzima yakawa shikamoo, nipe mkasi na haya tufunge, kwa sababu unajua mwenyewe mkwe ni mkwe, humtanii, humbishii, hata chafya nilikuwa napiga kwa adabu.

Kilichotuokoa ni redio. Kuna kipindi cha mazungumzo kinaanza saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, mtangazaji mmoja na mgeni mmoja, hakuna anayemharakisha mwenzake, leo mchimba visima, kesho mkunga mstaafu, na watu wananiuliza nani ana muda wa kumsikiliza mtu mmoja saa tatu nzima, nami nawajibu fundi wa makochi anao, kwa sababu mikono ina kazi na masikio hayana. Basi siku moja mzee akaijibu redio, akasema huyo kasema kweli, nami nikaijibu redio, nikasema lakini kuna kitu amekiruka, na hivyo hivyo tukaanza kuzungumza kila mmoja akijifanya anaongea na redio, miaka sita sasa, na nakuambia Shangazi, katika siku yangu hakuna saa ninazozipenda kama hizo tatu.

Kosa langu ni hili. Mwaka jana niligundua kwamba mazungumzo ya siku huwekwa mtandaoni tangu alfajiri, unaweza kuyasikiliza kwenye simu, nikaanza kuyasikiliza asubuhi nikiosha vyombo na kupiga pasi sare za watoto, na njiani pia, mwanzoni kwa sababu cherehani ya mzee inaunguruma na kumeza maneno, lakini baadaye, niseme ukweli, kwa sababu nilitaka kuonekana. Mchana naweka nyundo chini, nakuna kidevu, nasema nadhani huyu mama aliacha kazi kwa sababu ya dada yake, na baada ya nusu saa mgeni anasema vile vile. Mzee anatikisa kichwa tu. Ameanza kuniita Profesa mbele ya wateja, mama mkwe naye kalidaka jina hilo, na mke wangu, anayejua siri yote, wakiniita hivyo anatoka nje kwenda kucheka.

Juzi mzee alizima cherehani, akanigeukia, jambo ambalo huwa halifanyi, akaniambia, "Mwanangu, Jumamosi nitawaita wote niwaambie kwamba karakana nakuachia wewe. Mikono mizuri wanayo wengi. Mimi nimekipenda kichwa chako."

Shangazi, nilijidunga sindano papo hapo. Na mzee mwenyewe si wa kudanganywa, ana hisia za ajabu, huwa anazima cherehani dakika moja kabla mgeni hajafika kwenye jambo zito, siku ya yule mkunga alikuwa na leso mkononi kabla mama wa watu hajaanza kulia, na wiki iliyopita niliporopoka mapema mno aliniambia ngoja, hajafika hapo, nikadhani ananitania. Sasa mtu kama huyo namlaghai vipi? Nikisema, naikosa karakana na zile saa tatu zinakufa, tunarudi kwenye shikamoo na nipe mkasi. Nikinyamaza, napewa kitu kwa sababu ya kichwa ambacho sina. Nifanyeje?

Ni mimi, Profesa wa Uongo

SHANGAZI ANAJIBU

Profesa, nimecheka mpaka chai imenimwagikia, halafu nimekuonea huruma, halafu nimekasirika. Nianze na hasira.

Baba wa watoto wawili, unajikuna kidevu mbele ya mzee wa watu! Kusikiliza mara mbili hakuna ubaya wowote. Mimi kila wiki napokea barua za watu walioishi nyumba moja miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumwacha mwenzake amalize sentensi. Wewe unampa mchimba visima saa sita zako kwa siku. Ubaya wako uko kwenye hilo neno "nadhani". Hukudhani, ulisikia. Lifute mdomoni mwako kuanzia leo.

Sasa chukua barua yako uisome polepole, maana inaonekana uliiandika bila kuisikiliza. Mzee anazima cherehani kabla ya jambo zito. Ana leso kabla ya machozi. Anakuambia ngoja, hajafika hapo. Mwanangu, yeye amejuaje mgeni amefika wapi na hajafika wapi? Unaziita hisia za ajabu. Mimi naziita simu. Huyo mzee naye cherehani inamnyima maneno, tena yeye ndiye aliyeikalia, na naye asubuhi ana masikio.

Kama ni hivyo, basi amekutazama mwaka mzima ukijikuna kidevu, akijua fika unakotoa hayo maneno, na amenyamaza. Hivi hukujiuliza kwa nini fundi wa makochi aitwe Profesa? Ulikuwa unataniwa, na mkwe wako, yule yule ambaye mlikuwa hamtaniani. Kichwa alichokipenda ni hicho hicho kinachoamka na mapema kutafuta la kuzungumza naye. Na kama nimekosea kuhusu simu, bado utakuwa umesema ukweli kwa mtu aliyekuvumilia unapiga chafya kwa adabu miaka miwili.

Fanya hivi. Usingoje Jumamosi, mbele ya watu utaanza hotuba. Kesho asubuhi acha simu, osha vyombo kimya kimya. Saa nane, kabla mgeni hajatambulishwa, mwambie, "Baba, mimi huwa nakisikiliza hiki asubuhi." Usiongeze neno, shika nyundo yako uendelee na kazi. Akimaliza kukutazama, muulize yeye asubuhi huwa anasikiliza nini. Halafu, kwa heshima zote, itie mafuta hiyo cherehani, mwaka mzima unajua inameza maneno na hukuigusa.

Jumamosi nenda ukapokee. Mtu ambaye zamani alikuwa na neno moja tu la kukuambia, nipe mkasi, leo huenda anaamka alfajiri ili mchana asikukalie kimya. Ukishakabidhiwa, panga meza na mbao utakavyo, ila redio iache pale pale ilipo, katikati yenu.