Mkono wa Koko

Shikamoo Baba, na salamu kwa wote hapo Malindi.

Nakuandikia kutoka Oldonyo Sambu. Leo wanafunzi wote tuliovuka mpaka kuja ziara huku tunarudi Kenya. Baridi ni kali, Mlima Meru umejifunika mawingu.

Huku kijana humsalimia mzee kwa kuinamisha kichwa, mzee akaweka mkono juu yake. Koko, bibi wa nyumba niliyofikia, haoni vizuri, lakini nilipomwinamia wakati wa kuagana aligusa mtandio wangu akacheka: "Wewe ndiye unayenibakizia loshoro!" Ndiyo yale mahindi yao ya maziwa mgando. Basi likapiga honi, mkono haukuondoka kichwani pangu, nami sikuinuka.

Baba, nikifika nitainama mbele yako. Usiniulize nimeangusha nini. Weka mkono tu.

Mwanao, Mwanaidi