Kupe wa Kiangazi

12 Aprili

Mume wangu mpendwa,

Pokea salamu za mkeo asiyezeeka. Mimi mzima, isipokuwa magoti, na hayo umeyazoea. Wewe je? Hicho kiwanda cha ngozi bado kinanuka, au umeshanuka wewe hata huoni tofauti?

Mtamba uliyeniachia ana mimba, atazaa mwishoni mwa kiangazi. Mvua imeshika na kupe wamejaa masikioni mwake. Kila jioni nakaa naye, nampapasa na kuwang'oa mmoja mmoja, wamenona kama maharage, nawatupa majanini palepale ninapomfunga. Anapenda hasa. Ananiinamishia kichwa kama mtoto anayesukwa.

Mkeo, Bibi

3 Mei

Mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Niko salama, na kunuka nanuka. Barua imefika, ingawa mistari yako inapandana kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Uliandika umepanda punda?

Bibi, hao kupe usiwatupe. Aliyenona ni jike lililoshiba damu. Ukimtupa anajificha chini ya majani, anataga mayai kwa maelfu, kisha anakufa. Vitoto vikianguliwa vinapanda juu ya majani kungoja mguu upite. Wakishiba wanadondoka, wanajivua ngozi, wanarudi wakubwa zaidi. Kwa hiyo unawapanda mwenyewe. Watie kwenye kopo la mafuta ya taa.

Na dawa mnyunyizie kila wiki, hata mvua ikikatika. Kiangazi ni zamu ya wale wadogo, na hao ndio wanaoleta ndigana, homa inayoua ng'ombe. Haya nimeambiwa na bwana mifugo anayekuja kiwandani kutazama ngozi zilizotobolewa na kupe. Nakupenda, usininunie.

Mjukuu wako

20 Julai

Mume wangu daktari,

Hujambo? Mimi sijambo. Nimefuga tangu baba yako hajaota meno, leo unanifundisha kupe. Haya, kopo nimeweka.

Ila sasa ni kiangazi na kupe wameisha. Nimemkagua masikio yote mawili, safi kama sahani. Dawa nimeiacha. Ya nini kumlowesha mja mzito bure? Tumbo lake limeshuka vizuri, nami nimeanza kumsemesha ndama humo ndani. Mistari kupandana ni kosa la kalamu.

Mkeo, Bibi

4 Agosti

Bibi yangu,

Shikamoo. Nilisoma barua yako mpaka chakula kikapoa. Mwezi huu masikio hayawezi kuwa safi, tena ya ng'ombe anayefungwa pale ulipokuwa unawatupa. Wapo, wadogo kama ufuta. Mwenye macho angewaona.

Nakuuliza kwa mapenzi: unaona, Bibi? Mwite bwana mifugo, tafadhali, na unijibu upesi. Silali vizuri.

Mjukuu wako

2 Septemba

Mjukuu wangu,

Anayeandika ni jirani yetu mshonaji, mimi nasema tu. Ndiye pia anayenisomea barua zako, na hii ya mwisho nikamwambia amesoma vibaya. Nilikasirika, ndiyo maana nikakaa kimya.

Kisha mtamba akaacha kula. Akawa anakohoa, na tezi chini ya masikio zikavimba. Bwana mifugo alikuja mara kadhaa kumchoma sindano. Alinishika mkono akakiingiza kidole changu sikioni mwa ng'ombe: punje tupu, zimejipanga hadi ndani. Mimi ambaye siku zote nilimpapasa, safari ile ya Julai nilimkagua kwa macho. Nilitaka yawe bado yanafaa kitu.

Mtamba amepona, jana alikula vizuri. Ndama ametoka kabla ya siku zake, hakuwa hai. Nimelia, mjukuu wangu. Sasa mshonaji ndiye anayemnyunyizia dawa kila wiki, na ng'ombe tumemhamisha kutoka pale nilipokuwa namfunga.

Picha uliyonitumia naishika kila siku. Mshonaji ananiambia umefuga ndevu. Sikujua.

Njoo, nikupapase huo uso. Na ukitaka kunipeleka kwa daktari wa macho, sitabisha.

Bibi yako