Bomba la Kurudisha Lina Joto, Baba

Leo umetimia mwaka, Baba, tangu moyo ulipokugomea ukiwa umeinama kufunga kamba za viatu vya kazi. Miaka yote tuliogopa kiwanda kingekuchukua. Kumbe ungetutoka hapa hapa sebuleni, kiatu kimoja mguuni.

Ulikuwa fundi wa mabomba ya mafuta mazito, yale yanayopashwa moto ili yatiririke: moja la kuyapeleka kwenye kichomeo cha tanuri, jingine la kurudisha tangini yanayobaki. Kila asubuhi, kabla tanuri halijawashwa, uligusa bomba la kurudisha kwa mgongo wa mkono. Likiwa na joto, mafuta yanazunguka vizuri. Kisha ulimpigia Mama: "Lina joto." Hapo ndipo naye alipokunywa chai. Wenzako walikutania, wakakubatiza Daktari, eti unapima homa ya vyuma. Ulicheka, na kesho yake ukapima tena.

Sasa bintiyo mkubwa ndiye aliyeshika zamu yako. Mama alikataa katakata, mwishowe akakubali kwa sharti moja: simu ile ile.

Leo simu ilichelewa. Tulikuwa tumekaa kuandika maneno haya, kalamu ikagoma. Saa mbili, saa yake ya kupiga, ikapita. Mama alipanga vikombe, akavipangua. Mdogo wako akasema labda simu imeisha chaji. Mama akamtazama mpaka akanyamaza.

Saa tatu na robo ikalia. Mdogo wako akaipokea na kuiweka sauti ya juu.

"Mama, lilikuwa baridi," dada yetu akasema. "Wapaka rangi walifunga valvu ya bomba hilo jana, wakasahau kuifungua. Msimamizi alinihimiza niwashe tu, tumechelewa. Nikamwambia kwamba Baba hakuwahi kuwasha tanuri bomba likiwa baridi. Ningewasha, mafuta yangekosa njia ya kurudi, yangejaa tanurini bila kuungua, kisha yangelipuka yote kwa mpigo."

Mama akaisogelea simu. "Na sasa?"

"Sasa lina joto. Kunywa chai."

Aliinywa imeshapoa, machozi yakimtoka, na hakukubali tumpashie nyingine.

Tunaokukumbuka ni mkeo, mdogo wako, bintiyo aliye zamuni, sisi wadogo zake, na mafundi wenzako waliorudi nyumbani salama leo. Kila asubuhi simu hiyo itakapolia, Baba, tutakukumbuka.