Laptopu Imepona, Usimwite Fundi

Baba Kichuna,

Maziwa ya mtoto yamo kwenye chupa, mpe kabla hajalia.

Laptopu yako nimeitengeneza ulipokuwa unaoga. Kumbe ikilala inazima kadi ya mtandao ili kuokoa chaji, ikiamka inashindwa kuiwasha. Nimeondoa ruhusa ya kuizima kwenye mipangilio. Nimeilaza, nimeiamsha, mtandao umeshika.

Kwa hiyo yule dada fundi wa ghorofa ya chini asipande tena na manukato yake. Wiki nzima anakuinamia begani, “Shemeji, bonyeza hapa,” nawe unacheka kama hujawahi kuona kitufe. Mimi nasoma kompyuta kila jioni, hukuniuliza hata siku moja.

~~Mwambie asikanyage kwangu.~~ Mwambie asante, mke wangu ameshaitengeneza. Hilo la “mke wangu” usiliruke.

Mama Kichuna