Hadubini Inamsubiri Mgeni Rasmi

Jumatatu, 5 Mei
Foleni ndefu, dawa ya ganzi kidogo. Mama Nakunda amerudi, kashuka na gari la alfajiri kutoka Suji, milimani. Gego la juu kushoto, lile lile nililoziba mizizi yake mara mbili. Matundu ya mizizi matatu, yote nimeyasafisha. Bado linauma. Lazima lipo la nne, limejificha. Kwa macho matupu silioni, na kuchimba kwa kubahatisha ni kulitoboa jino. Upande wa kulia hana gego hata moja. Hili likienda atatafunia nini?

Alhamisi, 8 Mei
Hadubini ya meno tunayo. Ya msaada, mpya, imo stoo. Nimemwomba mganga mfawidhi. Kasema haiguswi mpaka izinduliwe. Mgeni rasmi akute imeshatumika? Aibu kwa hospitali! Kaifunika kwa kitambaa alichofuma mkewe, kama redio ya sebuleni. Nimetoka na hasira zangu.

Jumatano, 14 Mei
Uzinduzi umeahirishwa. Mgeni ana udhuru. Utepe upo, maturubai yapo, fulana tumeshapimwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu haji, na mwenyeji wangu ana usaha shavuni. Nimempigia simu avumilie. Haya, mwanangu, akasema.

Jumatatu, 19 Mei
Umeahirishwa tena. Nimeomba ufunguo wa stoo, nikaambiwa nisijifanye najua kuliko wakubwa. Leo nawachukia wote.

Mchana Mama Nakunda akaja bila kuitwa. Halali usiku, hali chakula.

"Ng'oa, daktari. Nimechoka."

Nimeng'oa. Jino gumu, halina hata ufa. Nimeshindwa kulitupa.

Ijumaa, 30 Mei
Mgeni rasmi kaja. Kwaya, hotuba, utepe, makofi. Kisha akataka kuiona mashine ikifanya kazi. Mgonjwa hakuna aliyeandaliwa. Nikaliweka gego la Mama Nakunda chini ya lenzi.

Tundu la nne hilo hapo kwenye skrini, pembeni kidogo ya lile la mbele. Sikulitafuta hata dakika moja. Watu wakashangilia. Mganga mfawidhi akashangilia kuliko wote. Pilau yao sikuigusa.

Jumapili, 1 Juni
Nimepanda Suji baada ya ibada. Ukungu, baridi. Shikamoo, marahaba, karibu ndani. Mama Nakunda alikuwa amepika makande, akanijazia sahani. Yeye akajimiminia uji.

Nikamwambia tundu la nne lilikuwepo. Akauliza kama lilionekana vizuri. Nikasema ndiyo, vizuri sana.

Akatikisa kichwa. Akaniambia nile, makande yakipoa yanakuwa magumu.