Mashini Yangu Wanayoiita ya Amisi

Lubumbashi

Mama Riziki, muke wangu,

Ninakusalimia salamu nyingi kuliko majani ya muhogo. Uko muzima? Goti la mama mukwe wangu linaendelea namna gani? Na Riziki, bado anaogopa mbuzi? Mimi niko muzima, hata nimenona kidogo, nimeota mashavu ya mukubwa. Baridi ya asubuhi tu ndiyo inanionea.

Ninaandika kwa sababu telefone imenishinda. Nikikupigia unaweka sauti ya juu, uwanja wote unasikiliza, na wivu wa bwana hauzungumzwi mbele ya mama mukwe. Ndiyo, nimesema wivu. Cheka, maliza, tuendelee.

Unajua bwana yako ni nani hapa. Nimefika Kigoma, nimefika Ndola. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, lakini katika atelye hii ya kuchomelea vyuma wenye diplome ndio wananiita: "Fundi, njoo uangalie." Mashini niliyokutumia niliichora mimi, nikaichomelea mimi. Motere moja, vichwa vitatu: hiki kinakoboa mupunga, hiki kinasaga muhogo, hiki kinavuta maji. Ikapanda treni, ikavuka Lualaba kwa mutumbwi kama waziri. Na jina langu ubavuni, kwa rangi nyekundu.

Basi juma lililopita Mama Zaina, yule anayeuza mafuta ya mawese sokoni Kasongo, alipita kunisalimia. Alinikuta ninatengeneza ya pili, ya dada yangu wa Kabambare.

"Baba Riziki, kitanda hiki cha nani?"

"Mama, si kitanda! Ni mashini, kama ile yangu ya kule."

"Ile ya Amisi?"

Nyundo ikaniangukia ku muguu. "Amisi gani?"

"Amisi wa baiskeli. Kwani hukuambiwa? Yako ilikuwa inalala tu uwanjani. Njia ya shamba haipiti, iko nene mno. Amisi akaikata, akaigawa vipande vitatu. Sasa anaifunga ku baiskeli, anaufuata mupunga kulekule shambani, hadi Lusangi. Eh, baba, hata muke wako mikono imepona vidonda vya kutwanga!"

Vijana wa atelye wakacheka hadi wakakaa chini. Mimi pia nilicheka. Meno tu, moyo hapana.

Amisi! Si yule aliyeleta kuku wawili kwenu kukuposa kabla yangu, baba yako akamurudisha nao? Leo ndiye anakata chuma changu? Na wewe kwa telefone: "Mashini iko muzuri, Baba Riziki, inatembea." Kumbe inatembea kweli, ku baiskeli ya mutu! Akichelewa kazi anakula wapi huyo? Sombe yako ya majani ya muhogo anajua ladha yake? Usinijibu. Ama nijibu, lakini upesi.

Ndiyo maana jioni ileile, Mama Zaina alipoondoka, nilikupigia nikasema uifungie ndani. Ukanijibu, na wote wanasikia: "Mupunga wa mama yako utakuja kuutwanga wewe?" Nikakata, kisha nikasingizia rezo, eti mutandao ulikatika. Rezo ilikuwa nzuri.

Kesho yake nikachukua metre nikapima ile ya pili. Mama Riziki, upana wake ni upana wa geti ya atelye. Ndiyo geti niliyopimia, na ile ya kwanza pia. Njia yetu sikuipima. Mimi niliyeipita tangu mutoto, mutu nyuma ya mutu, nimekaa huku ku barabara za magari hadi nimesahau ni nyembamba namna gani. Hilo limeniuma kuliko Amisi. Ama tuseme, karibu sawa na Amisi.

Mikono yako niliapa nitaiponya mimi. Imepona, na ninafurahi, kweli ninafurahi. Lakini nilitaka ipone kwa kazi yangu.

Sasa fanya hivi. Nenda pale penye kichuguu, njia inapobana, pale ulipokataa kunipisha siku ile ya kwanza, kikapu kichwani. Nyoosha kamba ukingo hadi ukingo, ikate, umupe Mama Zaina akirudi huku. Ndiye anakuletea barua hii. Ya dada nitaikata kwa kipimo hicho. Amisi naye akuonyeshe alipotia skurubu, uniandikie. Mwambie ni fundi, Baba Riziki amesema. Lakini kamba asiiguse. Kamba ushike wewe.

Musalimie mama mukwe na goti lake. Mama yangu mwambie aache kinu, kimepumzika naye apumzike. Salimia baba yako mudogo wa kwaya, na dada akifika kutoka Kabambare. Riziki umubusu, mara mbili. Amisi umusalimie kidogo, si sana.

Ni mimi bwana yako,
Baba Riziki,
fundi wa kwanza wa mashini ile. Yule ni wa pili.