Kwa Kaka Suleiman, Aliyeoshwa na Mgeni

Kaka yangu Suleiman,

Amani ya Mola ikushukie huko ulikotangulia, na kaburi lako Alijaalie nuru na nafasi. Nnakuandikia nikiwa ukumbini kwako, hapa Ghubra, ng'ambo ya bahari na Unguja yetu, baada ya sala ya alasiri, wakati wetu wa kusoma. Msahafu uko juu ya marfaa. Mto wako uko pahala pake, na ule mto wa upande wa sikio lako zima haujakaliwa na mtu. Nimeutazama sana kabla ya kushika kalamu.

Janan yumo mahabusu.

Wanasema kwamba asubuhi ile uliyofariki, kabla ya adhuhuri, alimpiga kwa nondo msimamizi wa nyumba anayoilinda kule Qurum. Waliwahi kugombana, na siku hiyo lango lilikutwa halina mlinzi. Msimamizi yu hai, lakini bado hajaweza kusema. Watu hawakutaka ushahidi zaidi. Mwafghani, aliyekuwa askari kwao, aliyehamia hapa baada ya serikali yake kuanguka: nani atajisumbua kumtafuta mwengine? Jana, kahawa inazunguka barazani pa msikiti, jirani yetu Khalfan akasema, "Mkono uliozoea bunduki, masheikh, haulali njaa." Wakacheka. Mimi nikapokea kikombe changu, nikanywa.

Nilikunywa kwa sababu maneno yale yaliniburudisha moyo. Sikufichi, kaka.

Unaikumbuka siku alipoingia darsani mwako? Kiarabu chake kilikuwa cha kusukumasukuma, na matamshi yake yalinikwaruza masikio. Ukamwambia, "Sogea hapa, mwanangu, nikusikie vyema." Hapo palikuwa pangu. Mimi niliyelala nawe mkeka mmoja Unguja, niliyesoma nawe chuo kimoja, na fimbo ya mwalimu tukagawana, nikajivuta upande wa pili, upande wa sikio bovu. Tangu siku hiyo mimi nikiuliza jambo, wewe husema, "Naam? Umesemaje?" Akiuliza yeye, humjibu.

Kisha ukaja wasia. Mwanao Zuwena alitusomea, nawe umefunikwa shuka: anioshe Janan, na ndugu yangu amwage maji. Hukutaja sababu. Zuwena akampigia simu, akaja mbio bila ya kumuaga mtu kazini. Tukafunga mlango, wawili tu, pamoja na wewe.

Nilitaka akosee. Mola anisamehe, nilisimama na kopo mkononi nikingojea akosee. Aliyapima maji kwa kiganja chake kwanza, kama aogeshaye mtoto. Akakutia maji ya mkunazi, kisha ya kafuri, kwa taratibu zote. Na kila alipotaka kukugeuza aliinama kwenye sikio lako zima, akanong'ona, "Ustadhi, nnakugeuza sasa. Niwie radhi." Mimi, nduguyo wa tumbo moja, nisingekumbuka kuchagua sikio. Nilimwaga maji, kaka, na hata maji yale niliyaonea wivu.

Hapa mtaani wanaamini ulioshwa na nduguyo. Watu wamenishika mkono kwa hilo, wakaniombea ujira mwema, nami nikaitikia amina.

Baada ya kusikia habari za Qurum, Zuwena alinijia. "Ami, si alikuwa hapa kwetu saa zile? Si mlikuwa chumbani nyie wawili?" Nikaenda kumuona Janan, nikamuuliza kwa nini hakuwaeleza alikokuwa. Akasema, "Mzee, mjane wa ustadhi yumo edani. Nimtaje ustadhi, polisi wakampigie hodi? Na mwenye kuosha husitiri." Nikamweleza hukumu ya kusitiri: kinachositiriwa ni aibu ya maiti, si haki ya aliye hai. Akainamisha kichwa kwa adabu ile ile aliyokuwa akikuinamishia wewe. Wala hakuniomba kitu. Lau angeniomba, ningepata cha kumnyima.

Hata katika hilo kanipita. Yeye yuko tayari kufungwa ili mlango wako usigongwe. Mimi nilikuwa tayari kunyamaza ili heshima isiyo yangu nisivuliwe.

Basi Jumapili, wiki ya kazi ya huku ikianza, nnakwenda mahkama. Nimeomba, sala baada ya sala, wivu huu uondolewe kwanza, nikatoe ushahidi kwa moyo safi. Haujaondoka. Na yule mtu hawezi kukaa ndani akingojea moyo wangu utakasike. Kwa hiyo nitakwenda nao hivyo hivyo. Nitasimama mbele ya kadhi, Khalfan akiwepo na asiwepo, niseme: "Aliyemuosha kaka yangu ni huyu. Mimi nilikuwa nikimwaga maji."

Ninakuahidi hilo, na ahadi kwa maiti haina wa kuisamehe. Akitoka, nitamleta hapa baada ya alasiri, akae pale ulipomweka.

Ila Jumamosi, kabla ya hayo yote, mto ule nitaukalia mimi. Nitakusomea juzuu moja, polepole, kutoka upande wa sikio zima. Siku moja tu, kaka. Unisikilize.

Buriani, mpaka Mola atukutanishe.

Nduguyo,
Salim